Damu ya waliohama, vifo vya waliobaki: kusoma upya utafiti uliotoka Morogoro

Karatasi ya majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu kwa kawaida huwa na mistari minne: kolesteroli yote kwa jumla (wengine huiita lehemu), LDL, HDL na triglisaridi. Pembeni kuna viwango vya kawaida, na palipozidi panawekwa kimshale cha juu. Kwa mtu mwenye kitambi, kimshale kimoja kinatosha kumkosesha usingizi. Sasa hebu tujiulize: kimshale hicho kinasema nini hasa kuhusu moyo na ubongo wa mtu wa Mgeta, tuseme wa Nyandira au Langali, au wa yule aliyeshuka mlimani na sasa anauza mboga Kariakoo?

Mara nyingi jibu la swali kama hili huanzia Marekani, kwenye mji wa Framingham, ambako tangu 1948 watafiti wamekuwa wakifuatilia nani anaugua moyo na nani haugui. Ni kazi kubwa, hakuna anayebisha. Lakini Morogoro nayo ina utafiti wake, na unasomwa kidogo mno hapa kwetu. Leo tunausoma mmoja kwa jicho kali kidogo: makala ya Nigel Unwin na wenzake iliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la BMC Public Health, kuhusu watu waliohama kutoka Wilaya ya Morogoro Vijijini kwenda Dar es Salaam. Kumbuka kwamba Mgeta nayo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo kabla Mvomero haijawa wilaya.

Walichofanya, na kwa nini kinastahili sifa

Tafiti nyingi za unene na damu hufanywa hivi: unachukua watu wa mjini, unachukua watu wa kijijini, unawapima wote mara moja, halafu unalinganisha. Mwaka 2002, kwa mfano, Marina Njelekela na wenzake walichapisha ulinganisho wa watu wa makamo wa Dar es Salaam, Handeni na wafugaji wa Monduli. Inasaidia kujua hali ilivyo. Shida ni kwamba mtu wa Dar na mtu wa Handeni wanatofautiana kwa mambo mia moja, na huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mia lililobadilisha damu.

Unwin na wenzake walikwepa mtego huo. Walitafuta watu wa umri wa miaka 15 hadi 59 waliokuwa wamekusudia kuhama, wakawapima kabla hawajafunga mizigo: uzito, presha na mafuta ya damu, wakawauliza pia kuhusu chakula na kazi. Kisha wakawafuata Dar es Salaam na kuwapima tena kwa muda wa miezi 12. Walioandikishwa mwanzoni walikuwa wanaume 103 na wanawake 106. Yaani mtu yuleyule, kabla na baada. Jaribu mwenyewe kumtafuta Mbagala mtu uliyempima Morogoro miezi sita iliyopita, ndipo utajua jasho lililomwagika hapo.

Sasa matokeo. Uzito uliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 kwa wanaume na kilo 2.35 kwa wanawake. Ndani ya mwaka mmoja tu! Wanaume waliosema wanafanya kazi za kutumia nguvu nyingi walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, wanawake kutoka asilimia 37.8 hadi 15.6. Nyama nyekundu iliongezeka sahanini, lakini matunda na mboga navyo viliongezeka.

Hadi hapo, hadithi ni ileile tuliyoizoea: mji unanenepesha. Ungetarajia damu nayo iharibike, si ndiyo? Haikuwa hivyo. HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, ilipanda kwa takriban robo ya milimoli kwa lita kwa wanaume na kwa wanawake. Kolesteroli ya jumla ilipanda kwa zaidi kidogo ya 0.4 kwa wanaume, si kwa wanawake. Triglisaridi zikashuka, nazo kwa wanaume tu. Na presha ilionekana kushuka kwa jinsia zote mbili. Watafiti wakahitimisha kwamba kuhamia mjini kunaleta mabadiliko mabaya na mazuri kwa pamoja.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Hayo "mazuri" ni mazuri kwa nani?

Kitambi kinavyoandika kwenye damu

Kwanza tuelewe kwa nini matokeo haya yanashangaza. Mafuta ya chini ya ngozi, ya makalioni na mapajani, ni ghala tulivu kiasi. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na ini, hayatulii. Humwaga asidi za mafuta ambazo zinakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa, linatengeneza chembe nyingi zilizojaa triglisaridi na kuziachia kwenye damu. Chembe hizo zinabadilishana mizigo na HDL na LDL njiani. Mwisho wake HDL inapungua, na LDL inakuwa midogo na mingi. Kwa hiyo picha ya kawaida ya mtu mwenye kitambi ni triglisaridi juu, HDL chini. Waliohamia Dar walinenepa, damu yao ikaenda kinyume kabisa.

Maelezo yapo, tena hayahitaji miujiza. Mlo uliojaa wanga, yaani ugali au muhogo kwa wingi na mafuta kidogo, hupandisha triglisaridi na kushusha HDL. Hilo limeonekana katika majaribio mengi ya lishe. Pia maambukizi hufanya vivyo hivyo: mwili ukipigana na malaria au homa nyingine, HDL hushuka na triglisaridi hupanda. Sasa mchukue mtu kutoka kwenye mlo wa wanga mtupu, mpeleke kwenye nyama na mafuta ya kupikia, na pengine kwenye malaria pungufu. HDL itapanda hata kama mishipa yake ya moyo haijapata nafuu yoyote. Kipimo kilibadilika kwa sababu maisha yalibadilika. Kwamba hatari ya moyo nayo ilibadilika, hilo ni dai jingine, na linahitaji ushahidi wake.

Dunia ilishalipa ada ya somo hili. Kampuni ya Pfizer ilitengeneza dawa iitwayo torcetrapib, iliyopandisha HDL vizuri sana. Jaribio la watu takriban 15,000 lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa zaidi ya wenzao. HDL ilipanda kwenye karatasi, na watu wakazikwa.

Kwa LDL mambo ni tofauti. Hapo ushahidi umeshikamana: wanaorithi LDL ya juu sana hupata ugonjwa wa moyo mapema, na dawa za statini zinazoishusha hupunguza vifo, kama jaribio la nchi za Skandinavia la 1994 lilivyoonyesha. Hata hapo, kipimo kinaweza kudanganya kwa mtu mnene. Fikiria malori yanayoshuka na kabichi kutoka Nyandira. Ukitaka kujua foleni itakuwaje Sangasanga, huhesabu kabichi, unahesabu malori. Kipimo cha kawaida cha LDL kinahesabu kabichi, yaani kiasi cha kolesteroli kilichobebwa. Kipimo cha protini ya apoB kinahesabu malori, maana kila chembe hubeba apoB moja tu. Mtu mwenye kitambi anaweza kuwa na malori mengi madogo yenye mzigo kidogo kidogo. Jumla ya mzigo itaonekana ya kawaida, kumbe malori yanayoweza kukwama kwenye ukuta wa mshipa ni mengi. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika katika nchi 52, ulionyesha kwamba uwiano wa apoB na mwenzake apoA1 ni miongoni mwa vitu vilivyohusiana kwa nguvu zaidi na shambulio la moyo.

Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi hasa. Anne Sumner na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika, triglisaridi hubaki chini hata pale mwili unaposhindwa kuitikia insulini vizuri. Kwa Mzungu mnene, triglisaridi hupiga kengele mapema. Kwa Mmarekani mweusi mnene, kengele hiyo mara nyingi inakaa kimya huku tatizo lipo. Kwa hiyo ukisoma kwamba triglisaridi za wanaume waliohamia Dar zilishuka, usikimbilie kushangilia.

Kasoro tatu

Kasoro ya kwanza ni muda. Miezi 12 inatosha kuona kilo mbili. Haitoshi kuona mshipa ukiziba, kazi inayochukua miaka kumi, ishirini, thelathini. Kuita badiliko la mwaka wa kwanza "zuri" kwa moyo ni kama kusifu mavuno wakati mahindi yana majani manne.

Ya pili ni namna ya kulinganisha. Nimesifu kwamba mtu alilinganishwa na nafsi yake. Lakini mbinu hiyo nayo ina mtego, hasa kwenye presha. Siku ya kwanza unapofungwa mkanda mkononi na mtu usiyemjua, moyo unadunda. Mara ya nne umeshazoea, umekaa, unapiga stori. Namba inashuka bila mwili kubadilika. Ili kujua kama ni Dar iliyoshusha presha au ni mazoea, tunahitaji kumpima vivyo hivyo, mara zilezile, jirani aliyebaki kijijini.

Ongeza hapo dodoso. Kazi za nguvu ziliripotiwa na wahusika wenyewe. Asilimia 37.8 tu ya wanawake wa kijijini ndio waliohesabiwa kuwa wanafanya kazi za nguvu nyingi? Mtu yeyote aliyewahi kumwona mwanamke wa Uluguru akipanda mteremko na tenga la karoti kichwani na mtoto mgongoni atataka kujua swali liliulizwaje. Huenda kwake hiyo si "kazi nzito", ni siku ya kawaida.

Ya tatu ndiyo kubwa, na haiko kwa Unwin peke yake bali kwa tafiti karibu zote za aina hii, zikiwemo zile tunazoandika vyuoni kwetu kila mwaka: kipimo kimekaa mahali pa tukio. Tunapima damu ya wanene, tunaona uhusiano, tunaandika "hatari imeongezeka" au "imepungua". Aliyeugua yuko wapi? Aliyekufa yuko wapi?

Daftari la pili

Yupo. Yuko kwenye makala nyingine, kutoka wilaya ileile.

Mwaka 2000, jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Richard Walker, Donald McLarty na wenzao kuhusu vifo vya kiharusi nchini. Walikuwa sehemu ya mradi uliojulikana kwa kifupi AMMP, uliohesabu vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Hai, na Morogoro Vijijini. Hawa hawakupima damu. Walihesabu waliokufa kati ya 1992 na 1995, na kuwahoji ndugu wa marehemu ili kubaini sababu.

Kwa umri wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka vilikuwa hivi. Morogoro Vijijini, wanaume 35 na wanawake 27. Hai, 44 na 33. Dar es Salaam, 65 na 88. Uingereza na Wales mwaka 1993, 10.8 na 8.6.

Soma tena taratibu. Mtu wa Morogoro Vijijini, mwembamba, anayelima kwa jembe, alikuwa na uwezekano mara tatu wa kufa kwa kiharusi kuliko Mwingereza wa umri uleule, pamoja na siagi na soseji zake zote. Na haya ni maeneo ambako watafiti haohao walikuwa wameshaonyesha kwamba unene na kisukari ni haba: mwaka 1989 McLarty na wenzake waliripoti kwamba katika vijiji sita vya Tanzania, kisukari kilikuwa chini ya asilimia moja. Kama mafuta ya damu ndiyo yangekuwa hadithi nzima, Morogoro ingepaswa kuwa salama kuliko London. Maelezo waliyoyatoa waandishi ni presha ambayo haikugunduliwa au haikutibiwa.

Kuwahoji ndugu si sawa na kipimo cha picha ya ubongo. Kuna vifo vilivyowekwa kundi lisilo lake. Na makadirio ya Dar yana upana mkubwa kwa sababu waliohesabiwa ni wachache. Lakini tofauti ya mara tatu haifutiki kwa makosa madogo.

Sasa weka makala hizi mbili mezani pamoja. Ya 2010 inasema aliyehamia Dar, mwaka wa kwanza, HDL imepanda na presha imeshuka. Ya 2000 inasema Dar ndiko watu walikokufa zaidi kwa kiharusi, kwa wanawake mara tatu ya Morogoro Vijijini. Kati ya mwaka ule wa kwanza na kaburi kuna nini? Kilo zinazoendelea kuongezeka? Chumvi? Presha inayopanda taratibu bila mtu kuipima? Makala moja ina damu bila vifo, nyingine ina vifo bila damu, na kila moja inazungumzia watu tofauti. Inauma zaidi ukijua kwamba waliohama walipatikana kupitia mfumo wa kuhesabu kaya na vifo uliokuwapo palepale Morogoro. Daftari la damu na daftari la vifo vilikaribiana kiasi hicho.

Kwa hiyo twende maabara au tusiende?

Utafiti wa kitaifa wa 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana uzito uliozidi, na takriban robo wana presha ya juu. Swali si la Dar peke yake tena. Hata Mgeta leo kuna bodaboda pale ambapo zamani palikuwa na miguu tu, na kuna mafuta ya kupikia ya kupima kwenye kila duka.

Kwa mtu mnene wa Mgeta, kipimo cha mafuta mara nyingi kina maana ya kushuka mjini, nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima bila shamba, na hela ya maabara. Akirudi na vimishale vitatu bila mtu wa kumweleza, tumemfanyia nini? Kipimo kina thamani pale tu majibu yake yatakapobadilisha kitakachofuata.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka kumi, zikiwa zimegawanywa kwa kanda, Afrika Mashariki ikiwa na yake. Zipo za aina mbili. Moja inahitaji kolesteroli na taarifa ya kisukari. Nyingine haihitaji tone la damu: umri, jinsia, sigara, presha, na uwiano wa uzito na urefu. Hiyo inaweza kufanyika kwenye zahanati yenye mizani, futi na mashine ya presha. Ina udhaifu wake, kwani msingi wake ni watu waliofuatiliwa zaidi kwenye nchi tajiri, kisha ikarekebishwa kwa makadirio ya kila kanda. Ona basi tunarudi palepale: hata chati bora tuliyo nayo inakosa daftari la kwetu.

Hata mashine ya presha isitumike kiholela. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, namba inatoka juu kuliko ukweli. Mtu mnene ana haki ya kuuliza, "Dada, mkanda mkubwa upo?"

Wapo wanaohitaji damu ipimwe bila mjadala: mwenye kisukari, aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, ambaye baba, mama au ndugu yake wa tumbo moja aliugua moyo akiwa bado kijana, na yule ambaye chati imemweka kwenye hatari kubwa. Hapo LDL, na apoB inapopatikana, inaongoza dawa. Kwa wengine wote, presha kwanza.

Na kwako wewe unayeandika pendekezo la utafiti sasa hivi, pale SUA, Mzumbe, Muhimbili au kwingineko, kuhusu "viashiria vya damu kwa watu wenye uzito uliozidi": kabla hujaongeza kiashiria cha sita kwenye orodha, weka mstari mmoja unaosema utawatafuta watu haohao tena baada ya miaka kumi, na nani atalishika daftari hilo ukishahitimu. Unwin na wenzake walituonyesha kwamba mtu aliyehama anapatikana. Walker na wenzake walituonyesha kwamba aliyekufa anahesabika. Iliyobaki ni kazi ya kuviunganisha, na watu wa kuifanya ni sisi.